Tembo Tuliyemzoesha Watu

Aliyekaimu nafasi yangu aliponiomba niandike chochote kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi, nilijua anataka maelekezo ya nini kifanyike tembo anapoingia shambani. Maelekezo hayo yapo, yamebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na nusu yake niliyaandika mimi. Haya ninayoyaandika hapa hayakupata nafasi pale mlangoni. Vyeo sitavizungumzia, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianzia Kibaha. Nilitoka Singida na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kazi idara ya wanyamapori, nikaingia ofisini kwa mkuu wangu wa kwanza, mzee aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Akaisoma barua, akanitazama, akairudia.

“Nimeandikiwa analetwa bwana nyama,” akasema.

“Ndiye mimi, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Basi watakuita bibi nyama. Kaa.”

Na kweli waliniita hivyo, mpaka mwisho. Wiki hiyohiyo tuliitwa Ruvu, kiboko alikuwa amelala kwenye mpunga wa mzee mmoja siku tatu mfululizo, akitoka jioni kunywa maji na kurudi. Nilishika bunduki kwa nguvu kiasi kwamba vidole viliuma. Mkuu wangu alifika, akaomba maji ya kunywa, akaketi kwenye tuta na mwenye shamba, akamsikiliza kwa saa nzima. Mimi niliona anachelewesha kazi. Baadaye akaniambia, “Ukifika kwenye tukio usianze na mnyama, yeye hana maneno. Anza na mtu.” Kiboko tulimpiga. Watu waliotoka bara wakaja na makarai, wenyeji wengi, kwa kuwa ni Waislamu wasiomla, wakabaki kutazama. Mwenye shamba aliutazama mpunga wake uliolala chini akauliza kwa upole kabisa, “Na wale wengine wanne?”

Nilifanya kazi Kibaha miaka saba. Kule Kwala nilikuwa nikifuata nyayo za nyati mahali ambapo leo yamepangwa makontena ya bandari kavu. Sisemi kwamba ni vibaya, watu wanahitaji kazi. Nasema tu kwamba nyati wale siwaoni kwenye ramani yoyote ya mradi, na mimi nilikuwa nawajua.

Kisha nikahamishiwa Kisarawe, na kazi yangu yote iliyobaki ilikuwa huko, hasa kata ya Mzenga, katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina kwa sababu mtakayoielewa mbele. Ni kijiji cha mikorosho na mihogo, na upande wa kusini una msitu wa miti mikubwa ambamo tembo hupita kiangazi wakifuata maji.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Pazi. Ujanani alikuwa msasi, na nilipomkuta alikuwa kiongozi wa askari wa wanyamapori wa kijiji, yaani wale wanakijiji waliochaguliwa kulinda msitu wao wenyewe, wakiwa na filimbi, mabuti ya mtumba na subira. Chuoni nilifundishwa nyayo kwa picha. Mzee Pazi alinifundisha kwa kuniinamisha. Alinionyesha kwamba ufa kwenye kisigino cha tembo hautofautiani na alama ya kidole cha mtu, kwamba kinyesi chenye maganda ya maembe kina habari za shamba la nani, kwamba kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu inafanya kazi vizuri mpaka mvua inyeshe, na baada ya hapo ni kamba tu.

Aliniita mwanangu tangu mwezi wa kwanza. Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa chuoni. Sikumwambia hivyo Mzee Pazi, lakini nadhani alijua.

Wazo la kuutenga msitu lilikuwa langu, na sitalikana. Wachoma mkaa walikuwa wanaumaliza. Niliitisha mkutano wa kijiji, nikaeleza kwamba msitu ukihifadhiwa tembo watakuwa na njia yao, hawatakatiza mashambani, na wageni watakuja kutembea kwa miguu kuwaona, na vijana watapata kazi ya kuwaongoza. Mke wa Mzee Pazi, Bi Mwanahawa, alikuwa na ekari mbili za mihogo mlemle kwenye njia ya tembo. Akanyanyua mkono.

“Bibi nyama, sisi tukihama pale, na tembo nao wameambiwa wasije huku?”

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikajibu kwa maneno mengi. Mwishowe alikubali, akalima upande wa pili wa kijiji. Wengine wakamfuata kwa sababu alikubali yeye. Jibu langu siku ile sikumbuki lilikuwa nini. Swali lake nalikumbuka.

Binti yao mdogo aliitwa Zuhura. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akashindwa hesabu, akarudi nyumbani kuuza maandazi kituoni, pale treni inaposimama. Tulipotaka waongozaji wa wageni, walijiandikisha wanaume watupu. Nikaenda kwa Mzee Pazi kumwomba binti yake.

“Msituni si pa mtoto wa kike,” akasema.

“Na mimi je, baba?”

Akafikiri kidogo. “Wewe umekuja umeshaharibika,” akasema, na Bi Mwanahawa akalazimika kujifunika ushungi usoni kuficha kicheko. Kesho yake Zuhura alikuja ofisi ya kijiji akiwa amevaa mabuti ya baba yake, amejaza vitambaa mbele ili yasimtoke.

Nimefundisha watu wengi. Sijapata mwingine kama yeye. Ndani ya mwaka mmoja aliwajua ndege kwa sauti, na kila jioni aliandika kwenye daftari la doria kwa mwandiko wa shule, herufi kwa herufi, alichokiona na saa aliyokiona. Wageni walimwandikia kutoka kwao. Kambi ilikuwa na mahema sita tu, na kina mama walipika wali na samaki wa Ruvu, na vijana wawili waliacha mkaa, wakawa wanabeba mizigo. Kwa miaka minne mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba viongozi walianza kuja kupiga picha.

Waliyekuwa wakimpiga picha zaidi ni Kibogoyo. Alikuwa tembo dume mzee ambaye pembe zake zote mbili zilivunjika, vikabaki visiki vifupi. Jina alipewa na kina mama. Aliishi peke yake karibu na bwawa lililo nusu saa kwa miguu kutoka kambini, na kila asubuhi alikuja kunywa. Mwanzoni waongozaji waliwasimamisha wageni mbali, nyuma ya kichuguu kikubwa. Kisha mbele ya kichuguu. Kisha kwenye mti ulioanguka. Hakuna siku iliyotolewa amri ya kusogea, ila kila msimu tulijikuta karibu zaidi, na mimi niliyekuwa nikikagua niliona na nikanyamaza, kwa kuwa wageni walirudi wakiwa na furaha. Zuhura alikuwa na namna yake. Alisimama mbele ya wageni, akanyanyua kiganja, akasema kwa sauti ya chini, “Babu, tunapita.” Kibogoyo alitikisa masikio, akaendelea kunywa, na wageni walitokwa na machozi.

Siku moja Mzee Pazi alisimama nami pale akitazama. Tulipokuwa tunarudi akasema, “Mwanangu, mnyama asiyekuogopa hajakupenda. Amekuzoea tu. Na aliyekuzoea hakupi onyo.”

“Huyu ni mpole, baba.”

“Mpole ni mpaka siku yake.”

Nilimheshimu, lakini niliona ni maneno ya msasi wa zamani.

Katika kiangazi cha mwaka wa tano Zuhura aliandika kwenye daftari: *Kibogoyo anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Kuna kidonda juu ya unyayo. Naomba daktari wa wanyama aletwe.* Wiki iliyofuata akaandika tena: *Kidonda kinanuka. Leo amerusha tope tulipofika. Nimewarudisha wageni nyuma.* Daftari huletwa kwangu kila nusu mwezi. Nilisoma, nikaandika pembeni, *Nimeona, tufuatilie,* nikatia saini. Niliandika barua moja ya kuomba daktari. Nikajibiwa kwamba imepokelewa. Kulikuwa na ugeni mkubwa unakuja mwezi ule, nilikuwa na mambo ya mahema na vyoo na hotuba, nikajiambia ugeni ukipita nitapiga simu mwenyewe.

Zuhura alinikuta kambini siku mbili kabla ya ugeni huo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Zuhura.”

“Mama, yule daktari?”

“Nimeandika. Wanakuja.”

“Maana babu yetu anaumia.”

“Wanakuja, mwanangu. Vuta subira.”

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko ya Zuhura. Asubuhi saa moja alikwenda na mama yake kuchimba mihogo kwenye lile shamba jipya la upande wa pili. Kibogoyo alikuwa amesimama katikati ya mikorosho, hatua chache tu kutoka njiani, mahali ambapo hajawahi kufika. Bi Mwanahawa ndiye aliyeniambia, nami nilimsikiliza nimekaa chini kwenye mkeka wake, kama nilivyofundishwa, na nikaona kufundishwa hakukunisaidia kitu.

“Mimi nilitaka tukimbie,” alisema. “Yeye akanisukuma nyuma ya mti. Akasimama kama anavyosimama na wageni. Akanyanyua mkono hivi. Akamwambia, babu, tunapita.” Akaushusha mkono. Kisha akasema, “Hakumsikia.”

Alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya Ijumaa. Nilisimama na wanawake nyumbani. Hakuna aliyenitukana. Kuna mama mmoja alinipisha sehemu kivulini, na nilitamani angenitukana.

Kibali cha kumuua tembo kilikuja kwa simu kabla ya saa kumi. Niliitafakari simu ile kwa muda mrefu, jinsi ilivyokuwa nyepesi kuliko barua ya daktari.

Kulipokucha nilifika kijijini na askari wawili kutoka wilayani. Nilikuwa nimepanga tutafute nyayo wenyewe. Mzee Pazi alikuwa ameketi barazani amevaa kanzu ya msibani, na alipotuona akainuka, akaivua, akabaki na shati lake la doria alilokuwa amelivaa ndani.

“Baba, kaa na watu,” nikamwambia.

“Mtamuua asiyehusika,” akasema. “Nyie nyayo hamjui.”

Tulitembea saa tatu.  Mahali penye majani makavu alikuwa anapiga goti, anagusa ardhi kwa kiganja, anainuka. Mguu mmoja wa tembo yule ulikuwa unaburuta, hata mimi niliona. Tulimkuta ameegemea mti wa mkongo, kichwa kakiinamisha, mkonga umelala chini. Alitusikia, akageuza sikio moja, hakutoka pale.

“Ndiye,” akasema Mzee Pazi. Akatugeuzia mgongo, akaziba masikio kwa viganja.

Nilipiga mimi. Sikutaka mwingine afanye. Alianguka kwa magoti ya mbele kwanza. Tulipomkaribia tukaona tanzi la waya mnene limezama kwenye nyama ya mguu mpaka kwenye mfupa, na nyama imeota juu yake. Alikuwa amelibeba kwa wiki nyingi. Kila asubuhi alikuwa anakuja bwawani na waya ule, na sisi tunawasogeza wageni wamwone vizuri.

Mzee Pazi aliutazama ule waya kwa muda. Akainama, akaufuata msokoto wa ncha yake kwa kidole. Nilidhani ni uchungu wa mtoto, na sikumuuliza.

Baada ya arobaini kijiji kiliitisha mkutano. Wengi walitaka msitu ufunguliwe watu walime, na mimi niliketi mwisho wa benchi kama mtuhumiwa, na nilistahili. Aliyesimama ni Bi Mwanahawa.

“Msitu haukumuua mwanangu,” alisema. “Mkiukata, hao tembo watapita wapi? Watapita mlangoni kwangu. Mimi nimebakiza watoto watatu.” Akaketi. Mkutano ukaishia hapo, na msitu ukabaki, upo mpaka leo.

Kambi tuliifunga msimu mzima. Tulipofungua, wageni walisimama nyuma ya kichuguu, na asiyetaka alirudishiwa pesa yake. Walipungua. Picha zao zilikuwa za tembo wadogo kama punje, na wengine walilalamika. Kila aliyelalamika nilimwandikia mwenyewe kumjibu. Barua za kuomba daktari niliacha kuandika, nikawa naenda na pikipiki mpaka mlangoni kwa daktari, nakaa hapo mpaka anapanda. Walisema nimekuwa msumbufu uzeeni. Kwa njia hiyo tulifungua matanzi kutoka kwa tembo wawili na pundamilia mmoja. Siwahesabu kama malipo. Hayalipiki.

Mzee Pazi aliendelea na doria miaka mitatu mingine. Nilimsalimu kila nilipofika, naye aliitikia, “Marahaba, afisa.” Neno mwanangu halikurudi. Tulitembea pamoja siku nyingi, tulikula pamoja, alinisahihisha nilipokosea nyayo, lakini nilikuwa afisa. Niliamini kwamba ananilaumu kwa daktari ambaye hakuletwa, na kwa kuwa alikuwa na haki, sikuwahi kujitetea.

Mwezi wa mwisho kabla ya kustaafu nilikwenda kuwaaga. Nilimkuta uwani, macho yameingiwa na ukungu, anamenya mihogo kwa kupapasa. Bi Mwanahawa alikuwa sokoni. Nikasalimu, akaitikia kama kawaida. Nikamwambia nakwenda, kazi imekwisha, na kwamba nimekuja pia kumwomba radhi kwa jambo la Zuhura, kwa maneno yangu mwenyewe, kwa sababu miaka yote nilikuwa sijalisema. Nikamweleza habari ya daftari, na barua moja, na ugeni.

Akaweka kisu chini.

“Daftari nilikuwa naliona,” akasema. “Alikuwa ananisomea kila jioni kabla hajalileta kwako.”

Akakipapasa kisu, asikichukue.

“Na lile tanzi nililijua.”

“Ulilijuaje, baba?”

“Lilikuwa la mtoto wa dada yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao anasokota waya. Anatafuta nyati. Mimi ndiye kiongozi wa askari wa kijiji, kazi yangu ni kumkamata. Nikasema, huyu ni mpwa wangu, nitamwambia kwa upole, nikatafuta siku nzuri ya kumwambia. Siku nzuri haikuja. Zuhura alipoandika kidonda, nilijua ni waya gani. Nikakaa kimya ili jina la dada yangu lisitajwe.”

Jogoo alipita kati yetu akidonoa maganda. Mzee Pazi alimfukuza kwa mguu bila kumwona.

“Ulipokuja asubuhi ile na bunduki,” akaendelea, “nilikwenda nanyi ili nithibitishe kwamba ni waya ule. Nikathibitisha. Na toka siku hiyo sikuweza kukuita mwanangu, maana baba hamwachii mtoto wake mzigo abebe peke yake barabarani, watu wanamwangalia.”

Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu aniambie kwamba kosa halikuwa langu peke yangu. Nilidhani siku hiyo ikifika nitapumua. Haikuwa hivyo. Nilimtazama mzee yule anayepapasa mihogo na nikaona kwamba Zuhura alikuwa na watu wawili wa kumlinda, na wote wawili tulikuwa tunasubiri wiki inayofuata. Sikumwambia nimemsamehe. Sikujua ni nani kati yetu anayepaswa kumsamehe mwenzake, na aliyekuwa na haki hiyo alikuwa kaburini.

“Bi Mwanahawa anajua?” nikauliza.

“Nilimwambia jana. Nilijua unakuja.”

“Akasemaje?”

“Hajasema. Amekwenda sokoni.”

Akaniomba nimshike mkono mpaka kaburini. Si mbali, ni nyuma ya mikorosho yao. Tulipiga magoti tukaanza kung'oa majani, yeye kwa kugusa, mimi kwa kuona, bila haraka. Alipofika upande wa kichwa aliacha, akainua viganja, akasoma dua. Mimi si wa dini yao na dua ile siijui, nikainamisha kichwa mpaka alipomaliza.

Bi Mwanahawa alirudi jua likielekea kuzama, kikapu mkononi. Alitukuta bado tuko pale. Hakumtazama mumewe. Aliweka kikapu chini, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, akang'oa jani moja tulilolisahau.

“Gari lako la mwisho linapita sasa hivi,” akaniambia.

Nikalisikia kweli barabarani, likapunguza mwendo pale kwenye njia panda, likapiga honi. Sikuinuka. Likaondoka, nasi tukaendelea.